Mtoto wa Mkubwa na Chakula cha Skuli

Tumeulizwa na wasomaji zaidi ya mmoja kwa sababu gani darasa letu lilikataa kutia jina lake katika bango lililokusudiwa kutundikwa Salama, ilhali bango lenyewe lilidai jambo la haki, nalo ni chakula cha mchana kwa watoto wa skuli. Wengine wametulaumu kwa maneno makali, wakasema kuwa tumemhurumia mkubwa tukamwacha maskini. Lawama hiyo tumeisikia, wala hatuoni vibaya kuulizwa. Atoaye rai hadharani hana budi kuulizwa hadharani. Basi twaeleza hapa yaliyopita na tuliyoyafikiri, na msomaji atapima mwenyewe.

Salama hujulikana na kila aliyesafiri kwa basi baina ya Mombasa na Nairobi. Ukishazipita Makindu na Emali na Sultan Hamud, hukai sana ila utafika mahali penye maduka na hoteli kandokando ya barabara, na malori yamejipanga, na wauza matunda wakikimbilia madirisha. Hapo ndipo Salama, katika kaunti ya Makueni. Wengi wetu twapaona kwa dakika chache za kunywa chai, kisha twapasahau. Lakini baadhi ya ndugu zetu wa darasa wana maduka huko tangu miaka mingi, na watoto wao husoma katika skuli za pale pamoja na watoto wa Kikamba. Kwa ajili hiyo khabari za Salama hutufikia kama khabari za mtaa wa pili.

Nchi ile ni kavu. Mvua yake ya kutegemewa ni ya vuli, tangu Oktoba hata Disemba, na hiyo nayo kuna miaka haiji. Baina ya 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano kwa kufuatana katika sehemu kubwa za Kenya zilizo kavu, na watu wa Kitui na Makueni walipata fungu lao la taabu hiyo. Hata hivyo ni wakulima wasiochoka. Mbaazi za Kenya hulimwa zaidi katika kaunti za Makueni, Kitui na Machakos kuliko pengine popote, na mtu aketiye asubuhi hapa mjini na mahamri yake na mbaazi za nazi, huenda anakula jasho la baba yake mtoto wa Salama. Twalitaja hili ili isidhaniwe kuwa twazungumza juu ya watu wa mbali wasiotuhusu.

Mtoto wa huko hutoka kwao alfajiri, akaenda kwa miguu mwendo mrefu, na aghalabu hana tumboni ila chai kavu. Adhuhuri kengele hulia. Aliyelipiwa mchango na wazazi wake hupakuliwa pure, ambayo wenyeji huiita isyo na watu wa Nairobi huiita githeri. Na asiyelipiwa hujitenga. Mwalimu mmoja alituambia kwamba saa aichukiayo katika siku nzima ni saa hiyo, kwa sababu huwaona watoto fulani wakienda kunywa maji kwenye tangi mara tatu na mara nne, wakijifanya wana kiu.

Basi wazazi na walimu wakakutana, na kijana mmoja mwenye nia njema akaleta shauri la bango. Alikuwa ameipata katika simu picha ya watoto wawili wa mwakilishi mmoja wa wadi, ambaye hatumtaji wala hatuitaji wadi yake, wakiwa wameketi katika ukumbi wa kulia wa skuli ya kulipia, na mbele yao wali na nyama na matunda. Picha ile ilitolewa na skuli yenyewe ili kujitangaza. Kijana akataka watoto hao wawekwe upande wa kulia wa bango, na upande wa kushoto awekwe msichana wa pale Salama ameshika bakuli tupu, na chini yake liandikwe swali: kwa nini hawa wanakula na huyu hali? Darasa letu likaombwa jina, kwa kuwa watu hudhani ya kwamba jina la darasa huongeza uzito.

Na tuseme kweli: tulikubali. Kwa siku mbili jina letu lilikuwa limo katika bango lile, na baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kulisifu. Tulijadiliana sana juu ya wale watoto wawili wa kulia, kama ni haki au si haki kuwaonyesha, na wengi wakasema ni haki. Usiku wa pili mzee wetu mmoja, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza swali dogo: “Na huyu wa kushoto ni nani?” Hapakuwa na mtu aliyejua jina lake. Hapakuwa na mtu aliyejua kama mama yake ameombwa ruhusa. Ndipo tulipoona kuwa mwendo wetu una kasoro.

Bango la namna hii si jipya duniani. Mwezi wa Agosti 1909 haukuwa na mambo haya, lakini Agosti 2009 ulikuwa nayo: chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho Physicians Committee for Responsible Medicine kilitundika mabango katika Union Station, stesheni kuu ya reli ya mji wa Washington. Chama hicho kilitaka skuli za serikali ziwape watoto vyakula vya mboga na nafaka badala ya nyama na mafuta mengi. Katika bango alikuwamo msichana wa miaka 8, na maneno yake yakasema kuwa mabinti wa Rais Obama hupata chakula kizuri skuli, basi kwa nini yeye hapati? Mabinti wa Rais wakati ule walikuwa mmoja wa miaka 11 na mmoja wa miaka 8, na walisoma katika skuli ya kulipia. Ikulu ikawataka madaktari wayaondoe mabango, madaktari wakakataa.

Hoja za madaktari hazikuwa dhaifu, na yatupasa kuzieleza kwa insafu. Walisema kuwa hawakuweka picha ya mabinti wale wala majina yao, na hawakuwatukana. Walisema neno linalojulikana na kila mtu, tena neno la kuwasifia chakula chao. Na mwulizaji alikuwa mtoto mwenzao, aliyekuwa na haki ya kuuliza. Lau tungekuwapo pale stesheni, huenda tungepita tukitikisa kichwa kwa kukubali.

Lakini jiulize, ewe msomaji, bango lile lilikuwa na nguvu kwa sababu ya nini? Nguvu yake haikutoka katika mboga wala nafaka, kwani mambo hayo yaliandikwa kila siku na hapana aliyesimama kuyasoma. Ilitoka kwa kuwa baba huona uchungu mtoto wake akitajwa. Mtoto ndiye mahali palipo laini katika mwili wa mkubwa, na bango lilibonyeza hapo. Yule mtoto mwenyewe hakutenda kitu. Hakuchagua skuli, hakuchagua chakula, hakupiga kura, wala hakuomba baba yake awe Rais. Alipopita na wenzake wa skuli baada ya siku ile, ni yeye aliyetazamwa sahani yake.

Hapa hutokea mtu akatujibu: “Wakubwa wenyewe ndio wanaowatoa watoto wao nje!” Na haya ni kweli tupu. Mke wa Rais yule yule, mwanzo wa 2010, alipokuwa akianzisha kazi yake ya kupigana na unene wa watoto, alieleza mbele ya watu kwamba daktari wa watoto alimwonya juu ya uzito wa binti zake mwenyewe. Na wako waliomlaumu, wakasema kuwa siri ya mwili wa binti si kitu cha kutangazwa na mama yake. Na kabla ya hapo, Mei 1990, waziri wa kilimo wa Uingereza aitwaye John Gummer alisimama mbele ya wapiga picha akamlisha baga binti yake wa miaka 4, ili kuwahakikishia watu kwamba nyama ya ng’ombe ni salama, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa na khofu ya maradhi ya ng’ombe wenye wazimu. Machi 1996 serikali ikakiri kuwa yaelekea maradhi yale yamewafikia wanadamu. Mtoto yule alikuwa mzima, lakini picha yake imebaki hata leo, na kila itajwapo aibu ya baba hutolewa uso wa binti. Hatudhani kwamba waziri alimchukia mwanawe. Alimtumia tu, kama mtu atumiavyo kitambaa kilicho karibu kufutia mezani.

Na kwetu ni nani asiyewaona wagombea wakiwapandisha watoto wao majukwaani wakati wa uchaguzi, wamevishwa rangi za chama, wakipunga mikono? Basi je, baba aliyemleta mwanawe sokoni kwa khiari yake, ana haki gani ya kulalamika wengine wakimtia katika mizani?

Jawabu letu ni kuwa baba hana haki ya kulalamika kwa ajili ya nafsi yake, hiyo ameipoteza. Lakini sitara ya mtoto si mali ya baba hata aweze kuigawa. Kila aliyekaa darasani ajua kuwa msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kuitoa zawadi mali ile, na akiitoa, aliyepokea hawezi kusema “nimepewa na msimamizi” akaila kwa raha. Kosa la msimamizi haligeuki kuwa haki ya mpokeaji. Na heshima ya mtoto ni mali yake iliyowekwa amana mkononi mwa wazazi. Wazazi wakiitapanya, sisi tulio nje hatupati fungu.

Tumesikia pia neno hili: “Mnawatetea watoto waliokwisha shiba.” Neno hili ndilo lililotuuma zaidi, kwa kuwa lina ukweli ndani yake usiokuwa ule aliokusudia msemaji. Ikulu ya Marekani ilipotaka mabango yaondolewe, ilikuwa ikiwalinda mabinti wa Rais. Hatukupata kusikia ofisi yoyote kubwa iliyouliza khabari za yule msichana wa miaka 8 aliyechapishwa uso mzima, ingawa yeye alikuwa na mzazi wake pamoja naye. Na sisi Salama tuliwajadili kwa siku mbili watoto wa mwakilishi, tukasahau kabisa kuwa upande wa pili wa karatasi kuna mtoto. Mkono wetu ulikuwa mwepesi kwa mtoto wa maskini kuliko kwa mtoto wa mkubwa. Nani asiyeijua picha hiyo: mtoto mweusi, macho makubwa, bakuli tupu? Imo katika vitabu vya misaada, imo katika kalenda, imo katika kuta za mabenki. Watoto wale wakikua hujiona humo; na katika mji mdogo kama Salama, msichana aliyetundikwa njiani na bakuli tupu atajulikana kwa bakuli hilo mpaka siku ya kuposwa kwake.

Sheria ya nchi imekwisha lifikiri jambo hili kuliko sisi. Sheria ya kulinda khabari za watu ya 2019 yataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia khabari za mtoto, na picha ni khabari. Na mwaka wa 2023 Kamishna wa jambo hilo aliitoza skuli moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao.

Tena wakubwa nao wana desturi ya kuwatumia watoto wetu sisi, na chakula ndicho chambo. Walio na umri wa kutosha watayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979 kwa amri ya Rais Moi. Yalikuwa maziwa mazuri, katika pakiti za pembetatu, na mtoto wa tajiri na wa maskini katika skuli ya serikali walikunywa sawa. Wako watu wazima leo ambao wakitajiwa maziwa yale husahau siasa zote wakatabasamu. Lakini yalipewa jina la wito wa mtawala. Mtoto alikunywa haki yake akafundishwa kuimba shukrani, na miaka ya 1990 pakiti zilipofifia, hakuwa na mlango wa kuuliza, kwa sababu zawadi haidaiwi. Hilo ndilo tuliogopalo katika kila chakula kilichoandikwa jina la mtu.

Na chakula cha skuli kina historia isiyo na jina la mtu, nayo ni bora ijulikane. Mwaka wa 1980 serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula Duniani walianza kuwalisha watoto wa skuli katika sehemu kavu. Mwaka wa 2009 ukaja mpango wa pili, ambao skuli hupewa fedha zikanunua chakula kwa wakulima wa karibu, jambo lenye faida mara mbili kwa nchi ya mbaazi na kunde kama Ukambani. Mwaka wa 2018 Shirika likakabidhi kazi yote kwa serikali. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, imekwisha sema kuwa kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Mwenye hati ya shamba haendi kwa jirani kumwonyesha jinsi mtoto wa jirani alivyonenepa. Huenda na hati yake.

Katika kuyatafuta mambo haya tulitambua jambo la kutuchekesha na kututia haya kwa pamoja. Kwa Katiba hiyo hiyo, skuli za msingi ziko mikononi mwa serikali ya taifa. Kaunti imepewa vyuo vya watoto wadogo, yaani chekechea. Mwakilishi wa wadi, ambaye watoto wake tulitaka kuwatundika barabarani, hana fungu la fedha za chakula cha skuli ya msingi. Tulikuwa tumebisha mlango usio wake. Uso wa mtoto ulitupendeza kiasi cha kutusahaulisha kuuliza fedha ziko wapi na nani amezishika.

Hatusemi kwamba mkubwa asiaibishwe. Wako waliomwaibisha mkubwa bila ya kumgusa mtoto. Juni 2020 mchezaji wa mpira wa Manchester United, Marcus Rashford, aliwaandikia wabunge wa Uingereza barua juu ya watoto ambao wangekosa chakula wakati wa likizo. Mfano aliouleta ulikuwa wa nafsi yake: jinsi alivyokulia katika nyumba ya mama mmoja mwenye kufanya kazi usiku na mchana, na bado wakategemea chakula cha bure cha skuli. Aliifunua aibu yake mwenyewe, akiwa mtu mzima, kwa khiari yake. Serikali ikageuza shauri, watoto kiasi cha milioni 1.3 wakapata. Na katika Bara Hindi, Agosti 2015, Mahakama Kuu ya Allahabad iliamuru kwamba maofisa wa jimbo la Uttar Pradesh na wajumbe wake wawapeleke watoto wao katika skuli za msingi za serikali, ili skuli hizo zitengenezwe. Amri ile haikutimizwa, wala hatusemi kuwa ilikuwa rahisi kutimizwa, lakini tazama ilivyosemwa: iliwashika wazee wote kwa pamoja, haikumtaja mtoto hata mmoja.

Imebaki hoja moja ambayo hatuna jawabu lake timamu, na hatutaki kuificha. Kijana mwenye bango alituambia: “Ninyi mna barua na vifungu. Barua hutiwa katika faili. Bango lingesomwa na kila abiria wa Mombasa na Nairobi, na mkubwa asingelala.” Huenda asema kweli. Maskini ana silaha chache, na haya ya mkubwa ni mojawapo; amwambiaye aiweke chini yampasa ampe nyingine. Sisi tulimpa barua. Tuliiandika pamoja naye, ikaulizwa humo skuli zipi za upande ule zimo katika mpango wa chakula, zipi hazimo, na kwa kipimo gani. Nakala moja kwa Wizara ya Elimu, na moja kwa mbunge. Kijana alitia sahihi, lakini hakuja tena darasani kwetu, na twasikitika, kwa maana alikuwa na bidii kuliko wengi wetu.

Mzee wetu yule alisafiri mwenyewe mpaka Salama kumtafuta mama yake yule msichana. Alimkuta akipepeta kunde uani. Akamweleza khabari ya bango tangu mwanzo, na kwamba limeachwa, akamwomba radhi kwa niaba yetu. Mama akasema kuwa picha ile hakuijua, na lau angeulizwa angekataa, kwa kuwa mwanawe ana jina na ana ukoo. Kisha akauliza kama ile barua imejibiwa. Mzee akamwambia bado. Akauliza: “Basi Jumatatu atakula nini?”

Mzee aliporudi alitusimulia haya, na ndugu wawili wenye maduka pale wakaanza kuchanga gunia la mahindi na la maharage kwa kila mwezi, likapelekwa jikoni kwa skuli bila ya jina la mtu. Halitoshi watoto wote. Barua tumeiandika mara ya pili.